Kupokea watafiti kwenye kongamano mseto: mwongozo kamili kwa kamati ya maandalizi

Kongamano mseto lina milango miwili, wa ukumbini na wa mtandaoni. Kamati nyingi huuandaa mlango wa kwanza kwa miezi: mabegi, beji, maua mezani, hotuba ya mgeni rasmi. Mlango wa pili hukabidhiwa kijana mmoja wa kompyuta asubuhi ya ufunguzi, pamoja na kiungo na nywila. Matokeo yake, mtafiti aliye mbali hutazama migongo ya watu, husikia ukumbi ukicheka bila kujua kilichochekesha, na kabla ya mapumziko ya kwanza ameshafungua kazi zake nyingine.

Mwongozo huu ni kwa wanaoandaa mkutano wa kisayansi wa watu 80 hadi 300 hivi, bila kampuni kubwa ya matukio nyuma yao. Hatua ni nyingi, ila zote zinategemea uamuzi mmoja: kila kikao kiwe na mtu ndani ya ukumbi ambaye kazi yake pekee ni wageni wa mtandaoni, na ambaye ana ruhusa ya kumkatiza hata profesa. Hapa nitamwita mwenyeji wa mtandaoni. Ukimkosa huyo, vifaa vya bei yoyote havitakuokoa.

Hatua ya 1: Sema mapema ni mseto wa namna gani

Kuna mseto ambao aliye mbali anawasilisha, anauliza na hata anaongoza kikao. Kuna mwingine ambao anatazama tu na kutuma maswali kwa maandishi. Yote miwili inakubalika. Kisichokubalika ni kutangaza wa kwanza na kuleta wa pili, halafu ukatoza ada ya wa kwanza. Andika kwenye tangazo la kuita mada: nani anaweza kuwasilisha akiwa mbali, mabango ya utafiti ya mtandaoni yataoneshwaje, na vikao gani havitarushwa kabisa. Warsha ya vitendo ya maabara, kwa mfano, mara nyingi haina sababu ya kurushwa.

Kisha weka kanuni ya kuhama. Mshiriki aliyejisajili kwa ukumbini aweze kuhamia mtandaoni hadi usiku wa kuamkia ufunguzi, bila faini na bila kujaza fomu upya. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa mwaka 2022, uliofanyika Montreal kwa njia ya mseto, uliacha somo gumu hapa: washiriki wengi, hasa kutoka Afrika, walinyimwa viza au hazikuwafikia kwa wakati, wakiwamo waliokuwa na mada za kuwasilisha. Kwa watu wa aina hiyo mlango wa mtandaoni ndio mkutano wenyewe. Upange kana kwamba mwasilishaji wako mkuu atauhitaji, kwa sababu huenda akauhitaji.

Hatua ya 2: Barua ya mwaliko

Barua hii husomwa na ofisa wa ubalozi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo iandikie yeye. Iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, taasisi anayotoka mtafiti, kichwa cha mada yake, tarehe na mahali pa mkutano, na nani analipa nini: nauli, malazi, ada ya usajili. Aliyetia saini awe na simu inayopokelewa. Barua nzuri yenye namba isiyopatikana inaweza kumgharimu mtafiti safari.

Muda nao uhesabu kwa kurudi nyuma. Kwa viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, mathalani, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi huchukua siku 15, na kesi nyingine hufika 45. Ongeza wiki za kusubiri miadi ubalozini. Maana yake ni kwamba majibu ya ikisiri yakitoka miezi miwili kabla ya mkutano, umeshawafungia mlango baadhi ya watu bila kukusudia. Miezi minne ni nafuu, mitano ni bora.

Hatua ya 3: Ratiba na saa

Andika kila muda mara mbili: saa za ukumbini na UTC (saa ya marejeo ya dunia), kwa mfumo wa saa 24. Usiandike "saa tatu asubuhi" peke yake kwenye ratiba itakayosomwa na watu wa mbali. Mgeni akiipitisha kwenye programu ya tafsiri anaweza kuambiwa 03:00, akaamka usiku wa manane kutazama skrini tupu. Andika 09:00 na hakuna atakayepotea.

Kama mkutano unaangukia Machi, Oktoba au Novemba, kuwa mwangalifu zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, ilhali Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki hizo za katikati, tofauti kati ya London na New York huwa saa 4 badala ya 5 zilizozoeleka. Kuna pia nchi ambazo tofauti yao haina saa kamili: India ni UTC+5:30, Nepal ni UTC+5:45. Njia salama ni kutuma faili la kalenda ambalo simu ya mshiriki italigeuza yenyewe, kisha ukamwomba mtu mmoja katika kila bara akuthibitishie anachokiona.

Hakuna saa inayowafaa wote. Saa 13:00 UTC ni mchana London wakati wa baridi, ni 18:30 New Delhi, ni 21:00 Beijing, na ni 05:00 alfajiri Los Angeles. Weka vikao vya majadiliano kwenye saa zinazoumiza wachache, na mada za kusikiliza tu zirekodiwe. Mkutano wa ICLR wa 2020, wa watafiti wa ujifunzaji wa mashine, uliokuwa ufanyike Addis Ababa kabla ya korona kuuhamishia wote mtandaoni, ulifanya hivi: video za mada zilitolewa mapema, na waandishi wakajibu maswali kwenye vipindi viwili vya saa tofauti. Mpango huo unafaa hata leo kwa mseto.

Hatua ya 4: Sauti, kisha sauti tena, ndipo picha

Picha ikiganda kwa dakika moja, watu huvumilia. Sauti ikikatika kwa sekunde kumi, huondoka. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye sauti.

Mwambie fundi wa miksa, mashine ya kuchanganya sauti, jambo moja kwa uwazi: sauti ya ukumbini iende mtandaoni, sauti ya mtandaoni ije ukumbini, lakini anayezungumza kutoka mbali asirudishiwe sauti yake mwenyewe. Akijisikia tena nusu sekunde baadaye, ulimi utamgonga na ataanza kukatakata sentensi. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na mara nyingi chanzo ni kwamba kilichotumwa mtandaoni ni mchanganyiko uleule unaokwenda kwenye spika za ukumbi. Fundi mzoefu ataandaa mkondo wa pili kwa ajili ya mtandao. Asiye mzoefu atakuambia "mtandao unasumbua". Usikubali jibu hilo kabla hujaona miksa.

Jaribio ni rahisi. Siku moja kabla, mtu mmoja akae nje ya jengo na simu yake akitumia data ya kawaida, aingie kwa kiungo kilekile walichotumiwa washiriki. Mmoja azungumze jukwaani, wa pili aulize kutoka safu ya nyuma, wa tatu awasilishe kutoka mbali. Aliye nje aandike anachokisikia, neno kwa neno. Yale maneno asiyoweza kuyaandika ndiyo washiriki wako watakayoyakosa.

Halafu kuna yule muulizaji anayesimama na kusema, "Mimi nina sauti, sihitaji kipaza." Ukumbi unamsikia vizuri, unacheka kidogo, na watu 90 walio mtandaoni hawasikii chochote kwa dakika mbili. Mwenyekiti amzuie kwa upole hapohapo: "Subiri kipaza tafadhali, wenzetu wa mtandaoni hawakusikii." Vipaza viwili vya kutembezwa kwa kila ukumbi ndicho kiwango cha chini.

Kwa upande wa intaneti, angalia kasi ya kupandisha, siyo ile ya kushusha inayotangazwa kwenye mabango. Video ya 1080p kwenye programu za mikutano huhitaji takribani megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kwa kila mkondo, na wewe unataka angalau mara tatu ya hiyo ili upumue. Kompyuta inayorusha iunganishwe kwa waya, kwenye laini isiyogawanywa na simu za washiriki. Weka ruta ya akiba yenye laini ya kampuni nyingine, iwe imewashwa tayari. Watafiti waliotoka vyuo vyenye eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo, wataingia mtandaoni wenyewe kama jengo lenu linautumia. Mtandao huo sasa upo katika nchi zaidi ya 100, na kila anayeutumia ni mtu mmoja asiyekuja kuomba nywila mezani.

Jambo la mwisho kuhusu vifaa: chumba cha mkutano cha mtandaoni na matangazo ya mubashara ni vitu viwili. Kwenye chumba, ucheleweshaji ni mdogo. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, hupendekeza usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa kawaida. Kwenye matangazo ya mubashara, ucheleweshaji huwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Mwenyekiti akisema "kuna swali kutoka mtandaoni? Hakuna, tuendelee", anayetazama matangazo hata hajasikia mada ikiisha. Wanaotarajiwa kuuliza wawekwe chumbani.

Hatua ya 5: Mwenyeji wa mtandaoni, mtu muhimu kuliko kamera

Mchague mtafiti kijana anayeielewa fani; mwanafunzi wa uzamivu anafaa sana. Fundi asifanye kazi hii, kwa sababu kikitokea cha kutokea atakuwa chini ya meza akishika nyaya. Mwenyeji akae safu ya mbele, mahali mwenyekiti anapomwona bila kugeuka, akiwa na kompyuta yake yenye vipokea sauti masikioni na kipaza kilichozimwa.

Kazi zake: kuwaingiza watu kutoka chumba cha kusubiri, kuwasalimia kwa majina, kusoma soga, kuunganisha maswali yanayofanana, na kumwashiria mwenyekiti. Waafikiane ishara tatu tu. Mkono mmoja juu: kuna swali. Mkono sikioni: sauti haisikiki. Mikono miwili juu: simamisha kila kitu. Ishara ya tatu ndiyo inayohitaji ujasiri, hivyo mwenyekiti atangaze mbele ya wote mwanzoni mwa kikao kwamba ameiruhusu. Kijana wa miaka 26 hawezi kumsimamisha mtu mashuhuri katika fani yake kama hajapewa ruhusa hadharani.

Swali la kwanza la kila kikao litoke mtandaoni. Kanuni hii ndogo hubadilisha hali nzima, kwa sababu muda wa maswali ukianza kuliwa na ukumbi, hakuna atakayeukumbuka mtandao. Mwenyekiti aseme: "Asante sana, Dakta. Tunaanza na swali la mtandaoni, kisha tutarudi ukumbini." Kama aliyeuliza anaweza kuzungumza, azungumze mwenyewe, swali lililosomwa na mtu mwingine hupoteza nusu ya makali yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye kongamano la siku tatu, mpe mapema zaidi. Mtafiti aliye mbali aongoze angalau kikao kimoja, akisaidiwa na mwenyekiti mwenza aliye ukumbini anayetazama saa na vipaza. Kikao cha namna hiyo kitawafundisha watu wa ukumbini adabu ya mseto haraka kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 6: Waandae wawasilishaji

Wiki mbili kabla, kila mwasilishaji apate ujumbe mfupi. Unaweza kuutumia huu, ukabadilisha panapohitajika:

"Ndugu Dkt. ___, mada yako ni tarehe ___, saa 10:40 (07:40 UTC), dakika 15 na maswali dakika 5. Tafadhali tuma slaidi siku 3 kabla, kwa umbo la 16:9. Utakapowasilisha, elekeza kwa kishale cha kipanya, usitumie kalamu ya mwanga. Kila swali litakaloulizwa ukumbini lirudie kwa ufupi kabla ya kujibu. Jaribio la sauti ni tarehe ___. Halizidi dakika 10 na tunaomba usilikose."

Kuhusu kalamu ya mwanga watu hushangaa. Kile kidoa chekundu ukutani hakionekani kwa anayetazama slaidi mtandaoni, kwa hiyo yeye husikia "hapa" na "pale" asijue ni wapi. Slaidi zenyewe ziwe na maandishi yanayosomeka kwenye skrini ya simu. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG unataka uwiano wa angalau 4.5:1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Grafu isitofautishe mistari kwa nyekundu na kijani pekee, maana wapo wasioziona tofauti.

Kama kuna ukalimani, wakalimani hufanya kazi wawiliwawili na kupokezana kila dakika 20 hadi 30. Wape slaidi na orodha ya istilahi mapema. Mkalimani ndiye wa kwanza kuteseka sauti ikiwa mbaya, kwa sababu hawezi kutafsiri alichokikisia. Manukuu ya kiotomatiki nayo yanasaidia, lakini hukosea majina ya spishi na ya kemikali kwa ujasiri wa ajabu. Waambie washiriki wasiyanukuu.

Hatua ya 7: Asubuhi ya ufunguzi

Meza ya usajili ifunguliwe dakika 90 kabla ya ufunguzi, na foleni zigawanywe kwa herufi za majina. Beji iwe na jina kubwa linalosomeka kutoka hatua tatu, upande wa mbele na wa nyuma, kwa sababu beji hupenda kugeuka. Toa utepe wa rangi tofauti kwa wasiotaka kupigwa picha, na wapiga picha wote waambiwe maana yake kabla hawajafungua kamera.

Chumba cha mtandaoni kifunguliwe dakika 30 kabla. Mwenyeji awe na uso unaoonekana: "Karibu Dkt. ___, tunakusikia vizuri, tunaanza baada ya dakika 20." Sentensi moja kama hiyo inatosha, mtu akishatamkwa jina lake, haondoki kirahisi. Omba kila mmoja aandike jina lake na taasisi, ili mwenyekiti asilazimike kusema "swali kutoka kwa iPhone".

Namba ya msaada iwe nje ya jukwaa lenyewe. Aliyeshindwa kuingia hawezi kuomba msaada kwenye soga ya ndani, na jambo hili lililo wazi husahaulika karibu kila mahali. Namba ya ujumbe wa simu, ikishikwa na mtu mmoja anayejibu ndani ya dakika mbili, inatosha.

Wakati wa mapumziko, zima vipaza vya ukumbini vyote. Vyote. Maoni ya faragha juu ya mada iliyokwisha sasa hivi husafiri mbali sana kupitia kipaza kilichosahauliwa jukwaani, na mwenye mada huenda bado yuko mtandaoni. Mahali pa picha weka slaidi inayosema kikao kitarejea saa ngapi, kwa UTC pia. Sikushauri kuwalazimisha walio mbali kwenye michezo ya kufahamiana. Waachie chumba kimoja kidogo wazi kwa atakayetaka kuzungumza.

Hatua ya 8: Mabango

Hapa ndipo mseto huwa dhaifu zaidi, na ni haki kukiri kwamba bango la mtandaoni halitafikia lile la ukutani. Bado kuna namna. Taja ukubwa na mwelekeo wa bango bila utata: A0 ya wima, milimita 841 kwa 1189. Kila bango, la ukumbini na la mbali, litumwe kama PDF pamoja na maelezo ya sauti ya dakika 3. Ukiyapandisha Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kila moja litapata DOI, yaani kitambulisho cha kudumu, na litanukulika hata baada ya tovuti ya mkutano kufa.

Kwa mwandishi aliye mbali, chapisha bango lake ulitundike pamoja na mengine, na mbele yake weka kompyuta juu ya meza ya urefu wa kusimama, yeye akiwa hewani. Vipokea sauti vyenye kipaza ni vya lazima, maana ukumbi wa mabango una kelele. Mpangie dakika 40 zilizotangazwa, siyo mchana mzima. Hakuna jambo la kuchosha kama kutazama watu wakipita bila kusimama.

Hatua ya 9: Kurekodi

Omba ridhaa kwa maandishi, kwa kila mada, na mwasilishaji aruhusiwe kukataa bila kueleza sababu. Matokeo yasiyochapishwa ni sababu moja. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ni nyingine nzito zaidi: chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uvumbuzi uliokwishatangazwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa huhesabiwa kuwa si mpya, wakati Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja. Tangazo hadharani linajumuisha mada ya mdomo mbele ya hadhira, hata isiporekodiwa, kwa hiyo mwenye shaka azungumze na ofisi ya chuo chake kabla ya kupanda jukwaani. Alama ya "usipige picha slaidi hii" inaheshimiwa zaidi ikitamkwa na mwenyekiti.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga

Cheti kiwe kimoja kwa wote, bila neno "mtandaoni" kama dosari. Rekodi zilizoruhusiwa zitoke ndani ya wiki moja, zikiwa zimekatwa mada kwa mada. Video moja ya saa saba haitatazamwa na mtu. Soga ihifadhiwe kabla chumba hakijafungwa, kwa sababu programu nyingine huifuta papo hapo, na mwenyeji wa kila kikao atoe humo maswali ambayo hayakujibiwa. Yatume kwa wawasilishaji siku hiyohiyo au kesho yake, pamoja na anwani za waulizaji waliokubali kutafutwa. Anwani za waliokataa zibaki kwenu, na majibu yao yapitie sekretarieti.